Viazi Havina Hatia

Solange Daigle aliandika maelezo yale Jumamosi, akayasoma mara mbili, akaridhika. Aya moja, hakuna kulialia. Miaka mingi ya kukaa nyuma ya kioo katika ofisi ya mji, akipokea kodi za magari na kutoa leseni za mbwa, ilikuwa imemfundisha kwamba anayesoma karatasi yako ana karatasi nyingine nyingi zinazomngoja. Ukimchosha, atakuchukia, na akikuchukia hatakupa unachotaka.

Aliandika hivi: mwombaji alifanya mtihani wake wa kwanza katikati ya mavuno ya viazi, akifanya kazi tangu asubuhi hadi jioni kwenye mashine ya mjomba wake, kwa kuwa familia ilipungukiwa mikono. Alama za mtihani wa pili ndizo zinazoonyesha uwezo wake halisi.

Mwombaji mwenyewe, binti yake Corinne, aliyasoma Jumapili asubuhi amesimama jikoni, koti begani, tayari kwenda kanisani.

"Siweki hii, Mama."

"Kwa nini? Nimekosea herufi?"

"Herufi ziko sawa."

"Basi weka."

"Siweki."

Corinne alikunja karatasi, akaitia mfukoni na kutoka kwenda kukwangua barafu kwenye kioo cha gari. Solange alimtazama kupitia dirishani. Msichana alikuwa na mabega ya baba yake na kichwa kigumu cha upande wa mama. Baba yake, Raymond, alikuwa safarini na lori la magogo, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kusaidiana naye kuuvunja ukaidi ule.

Na siku yenyewe ndiyo ilikuwa ya mwisho. Maombi ya shule ya sheria ya Portland, pamoja na ombi la ufadhili, yalitakiwa kutumwa kabla Jumapili ile haijaisha. Bila ufadhili hakuna shule; hilo lilikuwa limeshazungumzwa nyumbani na kumalizwa. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kisanduku kimoja kwenye fomu: kama una la kusema kuhusu alama zako za mtihani, sema hapa, kama huna, acha wazi.

Corinne alikuwa na la kusema. Oktoba alipata mia moja hamsini na moja. Januari akapata mia moja sitini na sita. Ukomo wa mtihani ule wa kuingilia shule ya sheria ni mia moja themanini, na katika mitihani ya aina hiyo watu hupanda alama tatu, nne, wakashukuru Mungu. Mtu akipanda kumi na tano, anayesoma fomu atainua macho. Atataka kujua kulitokea nini.

Kilichotokea, kila mtu katika bonde lile la mto alikijua. Viazi.

Kwao, upande huu wa Maine unaotazamana na Kanada ng'ambo ya mto, lolote linaloharibika tangu Septemba hadi baridi ya kweli husingiziwa viazi. Shule zenyewe hufungwa watoto wakavune. Harusi ikiahirishwa, ni viazi. Jino likioza, ni viazi. Nani angekwenda kwa daktari wa meno wakati wa mavuno? Raymond alifika hospitalini na matope hadi magotini Corinne akiwa ameshazaliwa, na hakuna aliyemlaumu, hata Solange, ambaye si mwepesi wa kuacha kulaumu. Sasa mtihani mmoja ungevishinda viazi?

*

Baada ya ibada walikwenda kula kwa Bibi Albertine, mama yake Solange. Bibi alikuwa mbele ya jiko akipika ploye, zile chapati za manjano za ngano nyeusi zinazoiva upande mmoja tu, akizirundika chini ya kitambaa zisipoe. Sufuria ya mchuzi wa kuku ilikuwa tayari mezani. Fernand, mdogo wake Solange, alikuwa ameshakaa, na ameshaanza.

"Ameweka?" aliuliza kabla hawajavua viatu.

"Anakataa," alisema Solange.

"Anakataa nini?"

"Muulize mwanasheria wako."

Fernand aliweka kijiko chini. Alikuwa mtu mkubwa mwenye uso mwekundu, ndiye aliyerithi mashamba ya baba yao, na tangu vuli alikuwa akiishi kama mtu mwenye deni. Mwanzo wa mavuno mfanyakazi wake mmoja alivunjika mkono, Fernand akampigia simu Corinne, ambaye alikuwa ameajiriwa kwa wakili mmoja huko Caribou, akamwomba aje. Corinne aliomba likizo, akaja, akapanda juu ya mashine pamoja na wengine kuokota mawe na madongoa kwenye mkanda. Kisha alama zikatoka. Tangu hapo Fernand alimletea paja la paa mkubwa wa msituni, akamtengenezea breki za gari bure, na kila theluji ikianguka, kabla hajasafisha kwake, huja na trekta kuisukuma mbele ya mlango wa akina Corinne.

"Mwanangu," alimwambia sasa, "mimi ndiye niliyekuharibia. Waandikie hivyo. Dada, kama shida ni sahihi, mimi nitaweka sahihi. Andika: mimi Fernand Gagnon, mkulima, nilimwita mtoto huyu shambani wakati alipaswa kuwa na vitabu vyake. Niko tayari hata kula kiapo."

"Hawahitaji kiapo, Mjomba."

"Basi wanahitaji nini?"

"Wanahitaji mle," alisema Bibi Albertine, akitua sahani ya ploye katikati yao. "Kelele zote hizi na kuku anapoa. Fernand, sogea, umekalia nafasi ya watu wawili."

Walikula. Solange alipaka siagi, akakunja ploye yake, na kupanga hoja zake. Alijua namna ya kumshinda Corinne: si kwa sauti, ni kwa kuchelewa. Ungoje ashibe. Lakini Fernand hakuwahi kujua kungoja. Ukimya ulimwasha, na alipoona meza imenyamaza akatafuta jambo la kufurahisha watu.

"Mmemwona Armand Michaud leo kanisani? Amepita mlango wa pembeni ili asinipe mkono. Bado kinamuuma kile kipigo."

"Mmepigana?" Bibi aligeuka.

"Karata, Mama! Mimi na huyu hapa." Alimpiga Corinne begani. "Tumecheza Charlemagne, ghalani kwangu. Armand na kaka yake wamejileta wenyewe, wamekuja na kifua mbele, hao mabingwa wa parokia. Tumewafyeka! Huyu msichana anakaa na karata kama jiwe, humjui ana nini mkononi. Armand anatangaza atashinda mizunguko saba, mtoto huyu anamtazama tu hivi, kisha anasema nane. Nane, mizunguko yote! Armand akawa mweupe kama ule ukuta. Siku tatu tumewanyuka, kila siku wanasema leo tunalipiza, kila siku wanarudi kwao wameinamisha vichwa."

"Siku tatu?" alisema Solange. "Wakati wa mavuno? Ulizipata wapi siku tatu za kukaa?"

"Ile mvua, dada! Umesahau? Shamba lilikuwa supu, ukiingiza mashine utaitoa mwezi wa tano. Tangu Jumatano hadi Ijumaa tumekaa ghalani, jiko linawaka, kahawa ipo, hakuna kazi hata ya kuokota kiazi kimoja. Na Jumamosi yake Corinne aka…"

Kinywa chake kilibaki wazi kidogo.

"Malizia, Mjomba," alisema Corinne taratibu.

"Jumamosi yake ukaenda Bangor."

"Kwenye mtihani."

"Kwenye mtihani," Fernand alirudia, kama mtu anayesoma kibao kwenye barabara asiyoijua.

Bibi Albertine alizima jiko. Solange aliiona ile wiki yote, vizuri kabisa: mifereji ya barabarani imefurika, watu wanaingia ofisini kwake miavuli ikichuruzika, kila mmoja akilalamika kwamba viazi vitaoza ardhini. Alikuwa akiijua siku zote. Hakutaka tu kuiweka karibu na ile Jumamosi.

"Kwa hiyo hukuwa umechoka," alimwambia binti yake.

"Wiki ile nililala kuliko wiki yoyote ya mwaka."

"Na kile kitabu cha mazoezi nilichokununulia?"

"Nilikifungua."

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Kuandika jina langu."

Bibi alikohoa, na ilikuwa dhahiri anazuia kicheko. Solange hakucheka.

"Kwa nini, Corinne? Nataka kuelewa. Si mjinga wewe."

"Ndiyo maana, Mama. Maisha yangu yote nilikuwa wa kwanza hapa bila kusoma. Mwalimu akisema mtihani kesho, wenzangu wanakesha, mimi nalala. Chuoni nako nikapita hivyo hivyo. Nikadhani na huu ni wa kupita. Nimekaa pale Bangor, nimefunua ukurasa wa kwanza, kila swali nalijua kwa mbali kama mtu uliyewahi kumwona sokoni. Wanakupa hoja inayoonekana kweli, wanakuuliza tundu liko wapi. Sikuwahi kujifunza kutafuta tundu. Nilizoea kuamini nilichokwisha kukifikiri." Alitoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua mezani. "Na hii ingekuwa swali zuri. Alikuwa kwenye mavuno. Alifanya vibaya. Kwa hiyo mavuno ndiyo yaliyomponza. Haya, tundu liko wapi?"

"Usinifanyie mtihani mimi," alisema Solange. "Miezi yote hii, mbona hukusema?"

"Ulinitangulia. Nimefungua alama, sijapumua, ukasema 'viazi hivyo!' Kesho yake ofisi nzima inajua. Jumapili padri ananipa pole. Mjomba analeta nyama. Ningeanzia wapi?"

Hilo lilimwingia Solange penyewe, kwa sababu lilikuwa kweli, tena alikumbuka alivyolisema: haraka, kama mtu anayetupa kitambaa juu ya chakula nzi wasitue. Hakuna aliyemtaka aseme. Alikuwa ameona zile alama, akaona aibu, akakimbilia kitu cha karibu.

Fernand alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuelewa.

"Kwa hiyo mimi sikukuharibia?"

"Hapana, Mjomba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Viazi vyangu havikufanya chochote?"

"Viazi vyako havina hatia."

Alionekana kufarijika na kutukanwa kwa wakati mmoja. "Mimi nimeungama dhambi hii! Nimepiga magoti mbele ya padri nikaungama!"

"Kamwambie akurudishie," alisema Bibi Albertine, na hapo hata Corinne alicheka, akajifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Na breki?"

"Breki asante, Mjomba. Breki zinakamata vizuri sana."

*

Solange alisubiri kicheko kiishe. Jambo lenyewe lilikuwa bado liko mezani, na jua la Februari halikai.

"Sawa," alisema. "Viazi vimetoka. Acha kisanduku wazi. Hawajakulazimisha. Watu hawafungui mlango ambao haujabishwa."

"Dada amesema kweli," alisema Fernand. "Nani anamwandikia hakimu barua kwamba yeye ni mvivu?"

"Nimelifikiria," alisema Corinne. "Kuacha wazi si uongo, najua. Nikiacha wazi watatazama zile namba mbili na kubuni wenyewe. Mwema atasema aliugua. Mbaya atasema Januari alibahatisha. Na mimi sikubahatisha, Mama."

"Nani amesema umebahatisha?"

"Hakuna. Lakini unajua nilikuwa naamka saa ngapi?"

Solange alijua kwamba tangu mwisho wa Oktoba binti yake alitoka nyumbani gizani. Alidhani wakili amemwongezea kazi. Hata aliwahi kusema mbele za watu kwamba mwanamume yule anamnyonya mtoto. Sasa Corinne alimweleza. Alikuwa na ufunguo wa ofisi. Alifika kabla ya mwenye ofisi, kabla mitambo ya joto haijawaka, akasoma akiwa amevaa koti na glavu zilizokatwa vidole. Wiki za kwanza alikosa karibu kila kitu. Alikuwa akifunga kitabu na kukaa tu. Hakuwahi kuwa mtu wa kukosa, hakujua mtu anayekosa hufanya nini siku ya pili. Ilibidi ajifunze hilo kwanza, kabla ya kujifunza mtihani. Anaandika kosa, anaandika kwa nini amekosa, kesho anarudia. Krismasi ilipita, akarudia. Januari akaenda tena Bangor, peke yake, barabara ikiwa barafu tupu, hakumwambia mtu mpaka aliporudi.

"Kuwa wa kwanza hapa nilipewa," alisema. "Hii ya Januari niliifanya. Ndiyo ya kwanza ambayo ni yangu kabisa. Sitaki mtu afikiri ni mvua tu imekoma."

Solange aliokota kombo moja la ploye mezani akalitia mdomoni. Alimtazama binti yake akaona jambo ambalo zile tuzo zote za shuleni, zilizopangwa juu ya kabati nyumbani, hazikuwahi kumwonyesha. Msichana huyu alikuwa ameanguka, akainuka, na hakutaka kumtwika mtu mwingine lile anguko.

"Lete kompyuta yako," alisema hatimaye. "Tuone unaandika nini. Mama, futa meza."

"Hii ni nyumba yangu," alisema Bibi, na akafuta meza.

Corinne aliandika haraka, kama mtu ambaye maneno amekaa nayo muda mrefu. Solange alivaa miwani, akasoma akiwa amesimama nyuma yake, vile anavyosoma fomu za watu ofisini: kidole kinatembea chini ya mstari.

"'Kwa masikitiko makubwa.' Toa. Nani amekufa?"

Corinne alitoa.

"'Natumaini mtanielewa.' Toa. Hauko kwenye maungamo. Kwenye maungamo yuko mjomba wako."

"Nimeacha!" alisema Fernand.

"'Sikujiandaa.'" Hapo kidole kilisimama. "Hili ni kavu mno. Weka 'sikujiandaa ipasavyo.'"

"Hapana."

"Ni neno moja tu, Corinne. Linapunguza makali."

"'Ipasavyo' maana yake nilijiandaa kidogo. Sikujiandaa hata kidogo. Hicho ni kiazi kingine, Mama."

Solange aliondoa kidole. Kilichobaki kilikuwa kifupi kuliko aya yake ya Jumamosi:

*Kabla ya mtihani wa Oktoba sikujiandaa. Nilikuwa na muda na sikuutumia. Hakuna kazi wala mtu wa kulaumiwa. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Januari nilisoma kila asubuhi kabla ya kazi. Naomba mnipime kwa alama zote mbili, kwa mpangilio huo.*

"Wanaweza kukukataa kwa hili," alisema Solange.

"Wanaweza."

"Na ufadhili ukaenda na maji."

"Najua. Nitaomba tena mwakani. Sasa najua mtu akikosa hufanya nini."

Fernand alikuwa amesimama pia, akisoma midomo ikicheza. "Alama zote mbili kwa mpangilio huo," alisema polepole. "Hiyo ndiyo nane uliyomtangazia Armand."

"Tuma," alisema Solange.

Corinne alituma. Kompyuta haikufanya lolote la maana, ilionyesha tu kwamba maombi yamepokelewa. Bibi Albertine alisema kama wamemaliza mambo ya serikali, kuna pai.

*

Kesho yake asubuhi ofisi ya mji ilikuwa imejaa. Wiki ile watu waliokawia na leseni za mbwa huja wote kwa pamoja, na hawaji na furaha, kwa kuwa kuna faini. Wa tatu dirishani alikuwa Claudette, mke wa Armand Michaud, na cheti cha chanjo cha mbwa wake mkononi.

"Corinne vipi?" aliuliza, akiinama karibu na kioo kama watu wafanyavyo wanapotaka kusikika na kila mtu. "Ameshaomba shule? Nasema kila siku, maskini mtoto yule, mavuno yalimwonea."

Kwa miezi minne Solange alikuwa na jibu la maneno hayo. Huinua mabega, hutikisa kichwa, na kusema ndiyo hivyo, viazi. Lilikuwa jibu rahisi, tena kila mtu chumbani alikuwa tayari kulipokea. Aliona watu kwenye foleni wameshaanza kutikisa vichwa kwa huruma kabla hajafungua mdomo.

"Hayakumwonea," alisema. "Hakuwa amesoma."

"Eti?"

"Hakusoma, Claudette. Kitabu alikuwa nacho, hakukisoma. Mimi ndiye niliyeeneza habari za mavuno, na nilieneza uongo. Wiki ya mtihani ilinyesha, hakuna aliyevuna. Alikaa ghalani kwa Fernand siku tatu akicheza karata na mumeo."

Claudette alijiinua kutoka kwenye kioo.

"Armand aliniambia walikuwa wanatengeneza mashine."

"Hayo mtayamaliza nyumbani." Solange alivuta karatasi ya mbwa, akaangalia tarehe ya chanjo. "Halafu binti yangu akaanza kusoma. Kila asubuhi, gizani, kwenye baridi, miezi na miezi, hakumwambia mtu. Akarudi kwenye mtihani ule ule akapata mia moja sitini na sita. Na jana amewaandikia watu wa Portland yote mawili, la kukosa na la kupata, kwa mkono wake mwenyewe. Mbwa bado ni yule wa kahawia?"

"Yule yule," alisema Claudette kwa sauti ndogo.

Solange aligonga muhuri, akasukuma leseni chini ya kioo. Mzee mmoja katikati ya foleni, ambaye masikio yake hayakuwa yakikosa jambo hata siku moja, alinyoosha shingo.

"Samahani, Solange. Umesema mia moja sitini na ngapi?"

"Sita," alisema Solange, akihakikisha sauti inafika hadi mlangoni. "Anayefuata."